Hodi! Nani? Mimi Nani? Jina la Seva Kabla ya Kusimika Zimbra

Ndugu Mkuu wa Chuo, walimu, wanafunzi wa TEHAMA, na nyie maafisa mliopanda mabasi kutoka halmashauri na hospitali mbalimbali: itifaki imezingatiwa.

Mnacheka, kwa sababu sote tunajua maneno hayo yana maana gani. Ni msemaji aliyeona muda umekwisha, akaamua kuiruka orodha ya wakubwa, na wakubwa wenyewe wakashukuru. Kwenye kompyuta itifaki, yaani taratibu za mashine kusalimiana na kusemezana, hairukwi namna hiyo. Seva ya Gmail haikufahamu wewe ni nani wala haina haraka. Ukikosea salamu haitakununia. Itafunga mlango, na barua ya mkurugenzi wako italala nje.

Nimeombwa nizungumzie kusimika Zimbra. Kusema kweli, kusimika kwenyewe ni amri moja, ./install.sh, kisha unabonyeza Y mara kadhaa huku chai ikipoa. Ninachotaka tukae nacho asubuhi hii ni zile saa mbili, au siku mbili, au wiki mbili zinazotangulia amri hiyo. Karibu kila seva ya Zimbra niliyoitwa kuiuguza iliumia kabla haijazaliwa.

Kwa wasioifahamu, Zimbra ni mfumo wa ofisi kuwasiliana na kufanya kazi pamoja: barua pepe, kalenda, vitabu vya anwani, orodha za kazi, mafaili ya kushirikiana. Ilianzishwa Marekani mwaka 2003, Yahoo ikainunua 2007, VMware ikaichukua 2010, na tangu 2015 iko mikononi mwa Synacor. Mtu akikuambia "Zimbra" usifikirie programu moja. Fikiria nyumba ya kupanga. Chumba kimoja yumo Postfix, anabeba barua. Chumba cha pili OpenLDAP, ameshika daftari la watumiaji. MariaDB anatunza kumbukumbu, nginx amekaa mlangoni, Jetty anaandaa kurasa, na Amavis na wenzake SpamAssassin na ClamAV wanapekua mizigo. Wote wako uani pamoja, ndani ya /opt/zimbra. Lakini sikilizeni hili: hata kama wametenganishwa na ukuta mmoja tu, wakitaka kusemezana wanaitana kwa jina la seva. Jina hilo limeandikwa kwenye daftari la LDAP, kwenye cheti cha usalama, na kwenye ruhusa za hifadhidata.

Ndiyo maana nasema maandalizi ya seva ni suala la jina. RAM na diski utaongeza kesho ukipata bajeti. Jina ukilikosea leo, kulibadilisha ni operesheni. Amri ya kufanya hivyo ipo, inaitwa zmsetservername, nami nimeitumia mara mbili maishani. Mara zote mbili sikulala.

Kwetu mtu akifika nyumba ya watu hupiga hodi. Ndani watauliza, "Nani?" Wapo wanaojibu, "Mimi." Mama wa Kiswahili hafungui kwa jibu hilo. Atauliza tena, safari hii kwa sauti ya juu kidogo: "Mimi nani?" Seva za barua pepe hufanya vivyo hivyo. Yako ikifika kwa nyingine, neno lake la kwanza ni EHLO, ikifuatiwa na jina lake kamili: posta.mfano.co.tz, tuseme. Hiyo ndiyo hodi. Sasa seva ambayo haikupewa jina itasema nini? Itasema localhost.localdomain. Yaani, "Mimi."

Kwa hiyo kazi ya kwanza kabisa, kabla hujapakua chochote: hostnamectl set-hostname posta.mfano.co.tz. Jina zima, pamoja na kikoa chake, ile mfano.co.tz ya ofisi nzima. Wengi huandika "posta" peke yake wakaona inatosha, kwa sababu mashine hainung'uniki. Halafu andika hostname -f, usome jibu. Likirudi jina fupi, simama hapo hapo.

Hatua inayofuata ni faili dogo la /etc/hosts, nalo limewapotezea watu wikiendi nyingi kuliko hitilafu yoyote ninayoijua. Mara nyingi Ubuntu, mfumo endeshi wa jamii ya Linux tunaoweka chini ya Zimbra, ikisimikwa huandika humo mstari wenye 127.0.1.1 na jina la mashine. Kwa matumizi ya kawaida hauna ubaya. Kwa Zimbra ni sumu, maana mashine inajiambia kwamba anwani yake ni ya ndani ya kichwa chake. Futa mstari huo. Zibaki mbili hizi:

127.0.0.1 localhost.localdomain localhost
192.168.10.5 posta.mfano.co.tz posta

Angalieni mpangilio wa mstari wa pili: anwani, jina kamili, ndipo jina fupi. Ukitanguliza jina fupi, kisimikaji kinaweza kukataa kuendelea, na kwenye ujumbe wake kitakueleza kwamba ruhusa za hifadhidata hutolewa kwa kufuata faili hilo. Wengi huusoma ujumbe ule kama matusi. Mimi nauona ni wa mtu muungwana, anayekuambia kosa lako kabla hujaaibika.

Uungwana wake mwingine uko kwenye DNS, lile daftari la mtandao linalosema jina lipi lina anwani ipi. Katikati ya kusimika kitatafuta rekodi ya MX ya kikoa chako, ile inayoutangazia ulimwengu kwamba barua za mfano.co.tz zipelekwe kwa posta.mfano.co.tz. Kisipoiona kitasema kuna kosa la DNS, na kitakuuliza kama unataka kubadilisha jina la kikoa. Vijana hapo hujibu "No" na kusonga mbele. Nami nilijibu hivyo.

Ilikuwa Ijumaa jioni, kwenye taasisi moja ambayo sitaitaja. Seva mpya, kiyoyozi kinavuma, mlinzi ameshaniuliza mara mbili nitamaliza saa ngapi. Nikasimika, kila kitu kikawaka kijani. Nikafungua kisanduku changu cha majaribio, nikamtumia barua mhasibu aliyekuwa meza ya pili, hatua nne kutoka nilipo. Haikufika. Nikatuma nyingine. Haikufika. Akanyanyua kichwa, akaniambia kwa upole, "Kaka, si ungeniambia tu kwa mdomo?"

Nikafungua /var/log/zimbra.log. Mstari ule ule, tena na tena: connect to posta.mfano.co.tz[203.0.113.20]:7025: Connection timed out. Jina na anwani nimebadilisha kwa ajili yenu, poti ni yenyewe. Poti 7025 ni kile kidirisha ambacho Postfix humpitishia barua yule anayeziweka kwenye visanduku. Wote wako ndani ya mashine moja! Lakini Postfix haangalii /etc/hosts. Ye huuliza DNS. DNS ya mtoa huduma wa intaneti ikamjibu kwa anwani ya nje, ile ya kwenye ruta. Basi barua ikatoka ndani, ikaenda kugonga geti kwa nje, na ruta ile haikuwa imepangwa kumrudisha ndani mtu aliyetokea ndani. Barua za mhasibu zikawa zinasimama barabarani mbele ya nyumba yao wenyewe zikiulizia njia ya kwenda nyumbani. Foleni ilishafika barua 140 nilipoacha kuhesabu.

Dawa yake ni kuwa na DNS ya ndani, inayotoa jibu tofauti kwa watu wa ndani. Haihitaji mtambo mkubwa. Programu ndogo ya dnsmasq, mistari miwili:

host-record=posta.mfano.co.tz,192.168.10.5
mx-host=mfano.co.tz,posta.mfano.co.tz,5

Wa ndani wakiuliza wanapewa anwani ya ndani, na wa nje wanaendelea kupewa ya nje na wale wanaotunza DNS ya kikoa chenu. Kisha hakikisha seva yenyewe inaielekea dnsmasq hiyo, siyo 8.8.8.8, DNS ya Google ya watu wote. Jaribu kwa dig mx mfano.co.tz, halafu dig posta.mfano.co.tz. Ikirudi 192.168.10.5, umepona. Tahadhari moja tu: poti 53 haikaliwi na wawili. Ubuntu ina mtafuta majina wake, systemd-resolved, anayependa kuikalia, na Zimbra nayo ina kache yake ya DNS itakayoulizwa kama uisimike. Ukiwa na dnsmasq kwenye mashine hiyo hiyo, zima ya Ubuntu, na ikifika zamu ya zimbra-dnscache jibu hapana.

Kuna faida nyingine ya DNS ya ndani ambayo watu huiona siku ya shida. Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili ile, kebo za baharini za EASSy na Seacom ziliharibika kusini kwetu, na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kuombea. Jumatatu ofisi zilifunguliwa katika hali hiyo. Mwenye seva ndani ya jengo na DNS inayojibu humo humo, watu wake wanaweza kuandikiana bila kutegemea kebo yoyote iliyoko baharini. Mwenye seva hiyo hiyo, inayouliza jina lake mwenyewe ng'ambo, yuko gizani na wenzake. Vifaa ni vile vile. Tofauti yao ni mistari miwili.

Sasa tutoke nje ya jengo. Mnajua ukitaka kufungua akaunti benki, au kumdhamini mtu polisi, unaambiwa lete barua ya serikali ya mtaa. Afisa hakatai kwamba una jina, anataka mtu wa eneo lako aseme, "Ndiyo, huyu namfahamu, anakaa kwangu." Kwenye barua pepe kazi hiyo hufanywa na rekodi ya PTR. Mpokeaji anachukua anwani iliyobisha hodi, anaiuliza kinyumenyume: anwani hii ni ya nani? Jibu likiwa posta.mfano.co.tz, na jina hilo likiulizwa nalo linarudi kwenye anwani ile ile, mgeni anakaribishwa sebuleni.

Na hapa ndipo wenye haraka wanapokwama. Rekodi ya A, inayotaja anwani ya jina, na ile ya MX utaziandika mwenyewe mahali kikoa kinapotunzwa. PTR huiandiki wewe. Anayemiliki anwani ya IP ndiye mtendaji wa mtaa, yaani mtoa huduma wenu wa intaneti, na naye anataka barua rasmi, yenye mhuri, iliyosainiwa na mkuu wa taasisi ambaye yuko safarini Dodoma. Kwa hiyo nawashauri, barua hiyo itangulie kuliko hata ununuzi wa seva. Ni hatua pekee ambayo huwezi kuikesha usiku ukaimaliza.

Mkiamua kukodi mashine kwenye wingu badala ya kuiweka ofisini, ulizeni kwanza habari ya poti 25. Ndiyo poti ambayo seva hutumiana barua. Google Cloud kwa kawaida hawaruhusu mashine zao kutoka nje kwa poti hiyo. AWS, wingu la Amazon, nao wanaibana mpaka uombe. Nimemwona mtu amelipia mwaka mzima, amesimika vizuri kabisa, anapokea barua za dunia nzima, na hawezi kumjibu yeyote.

Rekodi za SPF, DKIM na DMARC nitazipitia kwa mbio, kwa sababu mwalimu wenu amezipangia siku yake. SPF ni orodha ya wanaoruhusiwa kutuma kwa jina lenu. DKIM ni mhuri kwenye kila barua. DMARC humweleza mpokeaji afanye nini akiona mhuri wa kughushi. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekuwa wakali: kila mtumaji anatakiwa awe walau na SPF au DKIM, na wanaotuma kwa wingi, ambao Gmail huwahesabu kuanzia barua 5,000 kwa siku, waje na zote tatu. Na mkihama kutoka seva ya zamani, siku moja au mbili kabla punguzeni TTL ya rekodi ya MX, yaani muda ambao wengine hulikumbuka jibu lake kabla ya kuuliza tena, iwe sekunde 300. Mkiiacha kwenye 86400, kuna watu wataendelea kupeleka barua kwenye nyumba mliyohama kwa siku nzima.

Niseme na la saa. Kuna kijana wa mafunzo, nilikuwa namwelekeza kwa simu. Nikamwambia, "Weka saa ya seva, sasa hivi ni saa nne." Akaandika 04:00. Hakukosea, nilimwambia saa nne. Siku iliyofuata jibu la barua likaonekana limelitangulia swali lake kwa muda wa saa sita, na afisa utumishi akaniuliza kama mfumo wangu unapiga ramli. Tangu hapo saa siwekewi na mtu. Amri ni timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam, na chrony, programu inayosawazisha saa kwa mtandao, aachiwe kazi ya kuirekebisha. Kalenda ya ofisi haina maana kama seva na watu hawakubaliani sasa ni saa ngapi.

Kwenye ulinzi, jambo moja tu nitalisisitiza: ngome ya moto, yaani firewall inayochuja nani apite poti ipi, iwekwe kabla ya kusimika. Watu husema, "Tutafunga poti baada ya kuona inafanya kazi." Zimbra huja na memcached, programu ya kumbukumbu za muda, inayosikiliza poti 11211. Mwishoni mwa Februari 2018 wahalifu waligundua kwamba memcached zilizoachwa wazi duniani zinaweza kutumika kama vipaza sauti: unanong'ona kidogo kwenye seva ya mtu, yeye anapiga kelele kwa mtu mwingine. GitHub, mtandao ambako watengeneza programu huhifadhi kazi zao, walipigwa kwa kasi ya terabiti 1.35 kwa sekunde. Seva za Zimbra zilizokuwa hazina ngome zilikuwa miongoni mwa zilizoweza kutumiwa hivyo, na wenye seva wakashangaa tu intaneti yao imekuwa nzito. Kwa nje acheni wazi poti 25, 80 na 443, pamoja na 465, 587 na 993 kwa wanaotumia simu na Outlook. Ya wasimamizi, 7071, isionekane nje ya ofisi hata kwa bahati mbaya.

Kabla ya hapo, pigeni ss -lntp muone nani tayari amekaa kwenye poti hizo. Postfix iliyokuja na mfumo, au Apache ambayo mtu aliijaribu akaisahau. Kisimikaji kitawaambia kuna mgongano wa poti, kisha kitawaachia wenyewe muumalize.

Nimalizie upande wa vifurushi tangulizi, yaani programu ndogo zinazotakiwa ziwepo kabla ya Zimbra, maana hapa kuna kisa kinachonisikitisha mpaka leo. Katika orodha ya vitu vya kusimika kabla, kuna vidubwana ambavyo mtu anajiuliza, "Hiki nacho cha nini?" Kimoja kinaitwa pax. Kazi yake ni kufungua mafaili yaliyofungashwa. Amavis akipekua barua yenye kifurushi anakifungua aone kilichomo. Akiikuta pax anaitumia, asipoikuta anachukua kifaa kingine, cpio. Mwaka 2022 ikabainika kwamba wahalifu wanazivamia seva za Zimbra kwa kuidanganya cpio iandike faili nje ya mahali iliporuhusiwa. Mhalifu anatuma barua yenye kifurushi, na hakuna haja ya mtu kuifungua. Mpekuzi mwenyewe anaifungua, anaweka faili la mhalifu kwenye kurasa za wavuti za seva, na mlango uko wazi. Kwenye Ubuntu mara nyingi pax ilikuwa tayari imo. Kwenye jamii ya Red Hat, ukoo mwingine wa Linux, mara nyingi haikuwemo. Septemba mwaka ule Zimbra wakawaambia watu: simikeni pax, kisha washeni upya. Oktoba wakaifanya iwe lazima. Seva mbili, toleo moja la Zimbra, moja inavamiwa na nyingine iko salama, na kinachozitenganisha ni kifurushi kidogo ambacho mtu alikiona hakina umuhimu. Tangu hapo orodha ya vifurushi naisoma kama naandikiwa dawa.

RAM isipungue 8GB hata kwa ofisi ndogo, la sivyo ClamAV atawameza wenzake. /opt ipate diski yake, ili visanduku vikijaa visiuangushe mfumo mzima. Msikimbilie toleo la Ubuntu lililotoka juzi. Angalieni kwanza Zimbra yenu inakubali lipi. Na mkikuta mtu mtandaoni anawashauri muandike --platform-override ili kisimikaji kinyamaze, mjue anawashauri mzime kengele ya moto. Toleo la 8.8.15, ambalo najua wengine wenu bado mnalo, msaada wake ulikoma tarehe 31 Desemba 2023. Sisemi nani. Mnajijua.

Ukishamaliza haya yote, piga picha ya mashine, snapshoti, kabla ya ./install.sh. Ukiharibu, unarudi hapo kwa dakika tano.

Haya, naona mashine zimeshawaka. Fungueni, andikeni hostname -f, kila mtu anisomee jibu lake kwa sauti. Tuanzie kule nyuma. Wewe dada wa dirishani, ya kwako imesemaje? Localhost? Basi sogea mbele, tunaanza na ya kwako.